Tufungulieni mikanda mizima: barua ya wazi kwa wahariri na watunza nyaraka za picha

Waheshimiwa wahariri wakuu, wamiliki wa magazeti, na wakuu wa idara za habari na nyaraka, Tanzania na Kenya,

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Naanza na hilo ili msihangaike kunitafuta kwenye orodha za wanahabari. Sijawahi kuajiriwa na gazeti, sina kitambulisho cha uandishi, na hakuna malipo ninayowadai. Jumamosi mtanikuta ukumbini, Sinza au Mbezi, nimechuchumaa chini ya jukwaa nikikwepana na mtu wa video. Katikati ya wiki ni mahafali, bidhaa za wenye maduka Kariakoo, na picha za pasipoti za watu waliozihitaji tangu jana. Lakini mengi ninayoyajua kuhusu kamera niliyapata kwenye magazeti yenu, na ninachokuja kuomba kimo ndani ya makabati yenu.

Naomba mtufungulie mikanda ya filamu za picha. Simaanishi zile picha chache mnazozitoa kila sikukuu ya taifa. Namaanisha mkanda mzima, picha 36 toka ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na zile ambazo mhariri wa siku ile alizipiga msalaba.

Wengi wa kizazi changu hapa Dar hatukusomea picha darasani. Tulizisomea kwenye meza ya muuza magazeti, tumesimama mikono nyuma, kwa sababu ukishika umenunua. Maandishi tuliwaachia wakubwa, sisi tukaangalia picha. Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, pale mezani watu wazima walikuwa wakibishana idadi ya waliokufa. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye tumbo la meli lililoelea juu ya maji ya Ziwa Victoria, na watu waliosimama juu yake. Walikuwa wadogo mno. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba udogo ule haukujileta wenyewe: kuna mtu aliyeamua kukaa mbali na kuacha maji mengi ndani ya fremu, wakati angeweza kusogea na kupiga nyuso. Jina lake halikuandikwa. Chini ya picha palikuwa na "Na Mpigapicha Wetu", basi.

Wa kwanza niliyemjua kwa jina ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 lakini alikulia Dar, na kampuni yake, Camerapix, aliianzishia hapa hapa mwaka 1963. Wakenya wana haki ya kumwita wao. Sisi tunakumbusha tu kwamba alipoanza alikuwa kijana wa mjini kwetu. Yalipotokea Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, alikuwa miongoni mwa wachache walioyapiga picha. Miaka michache baadaye akatiwa ndani huko huko Zanzibar kwa sababu ya kazi yake, kisha akahamia Nairobi. Julai 1969 Tom Mboya, waziri wa Kenya, alipopigwa risasi mchana katikati ya jiji, Amin alifika na kamera wakati watu bado hawajaamini kilichotokea.

Ila kilichonikamata mimi ni Korem. Oktoba 1984, kaskazini mwa Ethiopia, kambi ya njaa, ambayo Amin aliipiga kwa ajili ya taarifa ya televisheni. Sauti ni ya Michael Buerk wa BBC, na wengi wanaikumbuka taarifa ile kwa maneno yake. Izimeni sauti muone. Kunapambazuka, kuna ukungu, maelfu ya watu wako chini ardhini, na kamera imeshuka hadi kwenye kimo chao. Inatembea polepole, inasimama kwa mtu mmoja, inakaa naye kuliko wewe mtazamaji unavyotaka kukaa, ndipo inaendelea kwa mwingine. Taarifa ilirushwa Oktoba 23, ikachukuliwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Kabla mwaka haujaisha wimbo wa Band Aid, wanamuziki waliokusanyika kuchangisha fedha za njaa ile, ukawa kila redio ya Uingereza, na Julai 13, 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid, London na Philadelphia. Vyote hivyo vilianza na mtu aliyepiga goti.

Sitasema picha zile zilikuwa baraka tupu. Zilikusanya fedha na chakula, hilo halina ubishi, lakini kwa miaka mingi baada yake kila mgeni aliyekuja na kamera alikuwa akimtafuta mtoto mwenye nzi machoni, na asipomwona anahisi safari imekwenda bure. Halafu kuna majina. Tunamjua aliyesoma taarifa, aliyeipiga, na walioimba. Waliokuwa chini pale, karibu wote, hatuwajui. Sidhani deni hilo ni la Amin peke yake. Ni la kila aliyezitumia picha zile baadaye bila kurudi kuuliza.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mpiga sauti wa Amin, John Mathai, aliuawa, na Amin mwenyewe akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Novemba 23, 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazidja, Komoro. Watu 125 kati ya 175 waliokuwamo walikufa, yeye akiwa mmojawapo. Ilikuwa mwaka ule ule wa MV Bukoba. Kwa mtoto aliyesoma habari kwa macho tu, mwaka ule wote ulikuwa ni maji.

Najua kutoka Korem hadi ukumbi wa harusi Sinza ni mruko unaoweza kuonekana kama kufuru. Lakini kitu nilichokichukua kule ni kimo, na kimo kinafanya kazi kokote. Bibi wa bi harusi mara nyingi amewekwa kona, kwenye kiti cha plastiki, na kila anayempiga picha anampiga akiwa amesimama, kwa hiyo albamu nzima bibi ni utosi na kanga. Mimi nashuka. Nakaa chini na suti yangu, wahudumu wananiruka na sinia za pilau, nasubiri mpaka bibi asahau kwamba nina kamera. Bwana harusi ananitafuta kwa pozi za keki na mshehereshaji ananitaja kwenye maiki. Nakwenda, napiga keki, narudi kwa bibi. Na kila nikikabidhi kazi nakabidhi na karatasi ya majina: huyu ni nani, ni shangazi wa upande gani, ametoka wapi. Wateja wengine wanacheka. Wanaporudi baada ya msiba, picha wanayoiomba ni ile ya kona, na karatasi ile ndiyo inayowaambia wajukuu nani ni nani.

Korem, hata hivyo, niliiona ikiwa imeshakatwa na kupangwa. Jinsi picha inavyotafutwa nilionyeshwa na mzee mmoja wa Ilala, mstaafu wa gazeti, ambaye nyumbani kwake ana bahasha za karatasi za kontakti. Kwa vijana wa simu: ukishasafisha mkanda, unazilaza negativu zote, yaani vipande vya filamu ambavyo mwanga na giza vimegeuzwa, juu ya karatasi moja na kuichapa, unapata picha zote 36 kwa mistari, kila moja na ukubwa wa negativu yenyewe. Mhariri wa picha alichukua kalamu nyekundu, akaizungushia aliyoitaka. Hizo nyingine 35 zikarudi kwenye bahasha, na kwa kawaida hakuna aliyeziona tena.

Mzee alinipa ya mechi ya Simba na Yanga ya miaka ya themanini. Picha kama sita hivi ndizo za mpira. Zilizobaki ni jukwaa, kocha, askari aliyegeuka kuangalia mchezo badala ya kuangalia watu, na kijana mmoja aliyepanda ukutani. Kijana huyo ana mfululizo wake mwenyewe. Picha ya kwanza amekatwa kichwa. Ya pili na ya tatu nguzo ya taa inamtoka kisogoni. Ukifuata mstari unaiona nguzo inahama kidogo kidogo, yaani mzee anasogea kushoto huku jicho liko kwenye kamera, mpaka nguzo inatoka kabisa na nyuma ya kijana panabaki anga tupu. Halafu picha mbili hakuna kinachotokea. Halafu kijana anafumba macho na kushika kichwa, na hapo ndipo kalamu nyekundu ilipozunguka. Nikamwuliza, "Mzee, mbona goli halimo?"

"Limo, tazama mstari wa chini," akanijibu. "Lakini goli watakuwa nalo wote, mwanangu."

Siku zile ofisi ilitoa mkanda mmoja kwa mechi, wakati mwingine kipande cha mkanda. Huyu mtu alitumia karibu robo ya mkanda kwa kijana wa ukutani kabla hajajua kama kutakuwa na chochote. Ukiitazama picha iliyochapwa peke yake, unaona bahati. Karatasi ya kontakti inakuonyesha miguu ya mpiga picha: wapi alisimama, lini alishuku, lini alingoja, lini aliondoka mapema. Hakuna mafunzo ya mtandaoni yanayoonyesha hilo, maana mtandaoni kila mtu anaweka ile moja iliyofaulu. Vijana ninaowafundisha kushika kamera wanadhani wakubwa walifika, wakabonyeza, wakaondoka. Wakikosa picha ya kwanza wanadhani hawana kipaji.

Karatasi za mzee zilinusurika kwa sababu alizichukua nyumbani. Za wenzake zilibaki ofisini, na hapo ndipo barua hii inapowageukia ninyi. Niliwahi kuruhusiwa, kwa kujuana, kuingia chumba cha picha cha ofisi moja ya habari ambayo sitaitaja. Nilipofungua droo ya kwanza nilikutana na harufu ya siki. Kwa asiyejua: filamu nyingi za enzi zile zimetengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kujioza yenyewe na kutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Mvuke wake unaharakisha uharibifu wa filamu za jirani, kwa hiyo bahasha moja inaweza kuiponza droo nzima. Negativu inasinyaa, inajikunja, na utando wenye picha unabanduka. Haiponi. Kinachowezekana ni kuipunguzia kasi kwa ubaridi na ukavu, kuitenga na nyingine, na kuinakili mapema. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar zote zina joto na unyevu, na kabati la chuma lililofungwa katika chumba kisicho na hewa ni karibu sana na tanuri.

Nilipouliza naweza kurudi kusaidia, nikaambiwa nilete barua. Nilileta. Huenda iko droo ya pili.

Kinachoniuma ni kwamba inawezekana kuzitunza, tumeona. Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ni duka la familia, halina wizara wala mfadhili anayejulikana kwa mabango, na wameshikilia picha za enzi za Sultani na za miaka ya Mapinduzi kiasi kwamba mpita njia anaingia, anapekua, ananunua nakala. Nairobi mambo yalikuwa ya bahati zaidi. Priya Ramrakha, kijana wa Nairobi aliyezaliwa 1935, alipiga Kenya ya Mau Mau na ya uhuru, akafanya kazi na Time na Life, akauawa kwa risasi akiwa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, Oktoba 1968. Hazina yake ya picha ilikuja kupatikana gereji, Nairobi, miaka kama 40 baadaye, na aliyeitafuta alikuwa ndugu wa ukoo. Gereji ilifanya kazi ambayo taasisi hazikuifanya. Fikirini ni wapiga picha wangapi hawakuwa na ndugu mwenye gereji.

Kuna watakaosema watu wa leo hawana muda na picha za zamani. Si kweli. Boniface Mwangi alipiga machafuko ya Kenya yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mwaka 2009 yeye na wenzake wakazianika picha hizo barabarani, katika maonesho yaliyoitwa Picha Mtaani. Yalizunguka miji. Watu hawakuhitaji kadi ya mwaliko wala glasi ya mvinyo. Walisimama, wakaangalia, wakabishana, wengine wakalia. Wabebeeni watu picha mpaka walipo, wataziangalia.

Tena mkanda mzima si mafunzo ya ufundi tu. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini, amezungukwa na askari. Nchi iliona kwa sababu kulikuwa na kamera nyingine pale, na kwa sababu zilipigwa picha zaidi ya moja. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Picha moja inaweza kubishiwa: ilipigwa lini, kabla yake kulikuwa na nini. Mfuatano ni mgumu zaidi kuubishia. Siku hizi ambapo akili mnemba inaweza kukutengenezea umati wa watu usiokuwapo kabla chai haijapoa, mkanda wenye namba zake pembeni, toka 1 hadi 36, umepata thamani mpya ambayo nadhani wahasibu wenu hawajaiandika popote.

Sasa kuhusu jina. Kila Aprili 26 tunaletewa picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar. Kila Desemba 9 tunaletewa ile amebebwa juu juu, ameshika bango la uhuru kamili 1961. Naweza kuzichora zote mbili nikiwa nimefumba macho. Magazetini, mahali pa jina la mpigaji, nimekuta "Picha: Maktaba" mwaka baada ya mwaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, na hiyo ni haki tofauti na fedha. Gazeti linaweza kumiliki picha, halikuipiga. Mkikosa jina, andikeni kwamba jina linatafutwa, wekeni namba ya simu ya dawati, na mtashangaa ni wajukuu wangapi watapiga. Kwa picha za sasa kazi ni nyepesi zaidi: jina linaandikwa ndani ya faili lenyewe kabla halijatoka kwenye kompyuta. Mkitumiana kwa WhatsApp, mara nyingi linafutika, kwa hiyo acheni kutumiana picha za kazi kwa WhatsApp kama ankara za umeme.

Najua hali ya fedha ilivyo, na siwalaumu kwa kila kitu. Matangazo yamehama na nakala haziuziki. Lakini njia mliyoishika, ya kumwondoa mpiga picha na kumwambia mwandishi apige na simu, ina walioitangulia. Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilifuta kazi wapiga picha wake wote, 28, akiwamo John H. White aliyeshinda Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari huko, mwaka 1982. Yule mwandishi mwenye simu ana kinasa sauti mkono mmoja, ana mhariri anayempigia, anatakiwa aposti kabla mkutano haujaisha. Lini atasogea kushoto kuiondoa nguzo? Ndiyo maana kurasa zenu za mbele siku hizi ni watu wazima wamepeana mikono wakiangalia kamera. Picha hizo ninazipiga mimi Jumamosi, tena taa zangu ni nzuri zaidi.

Msinisikie nikiomba majengo mapya. Kunakili negativu leo hakuhitaji mashine ya mamilioni: kamera ya kawaida, lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu), ubao wa mwanga mweupe, stendi ya kuishika kamera isitikisike, na mtu mwenye subira na glovu za pamba. Vifaa hivyo wapiga picha wengi wa harusi tunavyo tayari, tunavitumia kupiga pete. Anzeni na droo zinazonuka siki, hizo hazisubiri bajeti ya mwaka ujao. Halafu waiteni wastaafu wenu, wakae na kijana mmoja mmoja, waitazame karatasi ya kontakti kwa pamoja na kuandika nani yuko kwenye picha, wapi, na nani alipiga. Walipeni nauli na chakula. Hili lifanyike mwaka huu, kwa sababu wazee wenyewe wanaondoka na hakuna namna ya kuwanakili. Kitakachopatikana kiwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Temeke au Kisauni anaweza kukiona kwa simu yake bila barua ya utambulisho, bei ya matumizi ya kibiashara mkaipanga ninyi. Picha zenye aibu au maumivu ya watu walio hai, zungumzeni nao kwanza. Zipo, na sioni ugumu wa kulijadili hilo hadharani.

Mzee wa Ilala ameniruhusu nianze na za kwake, na stendi imeshafungwa mezani kwake. Atakayekuwa tayari kati yenu aniite, nitakuja na vifaa vyangu na vijana wangu. Jumamosi tu ndiyo siwezi, nina harusi.